Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje: listi ina mlango wa kuingia, twataka na wa kutoka

Mheshimiwa Waziri, assalaam aleikum, na natumai barua hii inakukuta salama wewe na jamaa zako.

Mimi ni mnunuzi wa kamba wa baharini hapa Lamu. Nyumbani ni Kizingitini, kisiwa cha Pate, lakini biashara yangu iko mjini Amu mtaa wa Langoni. Jina langu sitaliandika hapa kwa sababu ndilo lenye matatizo, lafanana na la mtu aliewekwa kwenye listi za vikwazo, zile za kuzuia pesa za magaidi na wengineo, utalikuta kwenye nakala nilioituma ofisini kwako. Nimeamua kuandika wazi manake najua siko peke yangu, nimeuliza hapa mjini nimeuliza Faza na Malindi na kila nikiuliza napata mtu ana kisa kama changu au cha ndugu yake.

Nianze na kisa chenyewe halafu nije kwa mambo makubwa ya dunia, na nakuomba usome mpaka mwisho kwa sababu yote mawili ni jambo moja.

Kaskazi iliopita mashine ya boti yangu iliharibika gia. Kwa asiejua bahari, kaskazi ndio msimu wetu, kutoka Disemba mpaka Machi hivi, bahari imelala maji meupe na vijana wa mbizi wanaona chini. Wanamfunga pweza kwenye kijiti wanamwingiza kwenye tundu la mwamba, kamba akimuona pweza anatoka mbio na nje kimia kiko tayari. Kusi ikishaingia mwezi wa nne hio kazi imekwisha, bahari yachafuka na vijana wanarudi kukaa barazani. Kwa hivo mtu wa kamba akiharibikiwa na mashine mwezi wa kwanza hana mchezo, anatafuta dawa siku ile ile.

Ile sehemu ya mashine tuliipata Dubai, dola 1,850, kwa muuzaji nilienunua kwake mara tatu kabla na hatujawahi kukosana. Nikaenda benki nikajaza fomu, nikatoa kitambulisho, pini ya KRA, invoisi, nikaambiwa ndani ya siku tatu zitakuwa zimefika. Siku ya tano muuzaji ananiambia hajaona kitu. Nikarudi. Binti wa kaunta akatizama kompyuta, akatizama tena, akamuita mkubwa wake, na yule mkubwa alinitizama mimi kwanza kabla ya kutizama skrini. Hapo ndo nikajua kuna jambo. Akaniambia pesa zimezuiliwa zinakaguliwa, nikamuuliza zinakaguliwa nini, akasema jina lako limegonga, limegonga wapi, hatuwezi kukwambia.

Mheshimiwa, mimi nina majina matatu, la kwanza ni la Mtume, la pili la babangu, la tatu la babu yangu. Ukisimama nje ya msikiti Kizingitini siku ya Ijumaa ukaliita kwa sauti watageuka watu sita. Bibi yangu alikua akituambia jina jema hungara gizani, na babangu aliniachia jina hilo likiwa safi, hakuna duka hata moja Pate linalomdai. Sasa nimekaa kwenye kiti cha benki mbele ya watu wananijua, watu nasali nao, naulizwa kama nimewahi kwenda Somalia na nilienda kufanya nini.

Wiki saba! Kila Jumatatu niko pale kaunta. Wiki ya nane pesa zikarudi kwa akaunti yangu zikiwa zimekatwa dola 62, hakuna barua, hakuna sababu, hakuna aliesema pole. Muuzaji alikua ashaiuza ile sehemu kwa mtu mwengine. Mwisho nikampa pesa mkononi mtu aliekua anasafiri Dubai, akaninunulia nyengine akaja nayo kwenye begi. Ilipofika kusi ilikua inabisha hodi, nimevua siku tisa tu msimu mzima na vijana wanne wenye watoto nyumbani walikua wananitegemea mimi.

Angalia hapo pia, Mheshimiwa. Pesa zilizopita benki na invoisi na kitambulisho zilizuiwa, pesa zilizobebwa mkononi zikafika. Mtu mwaminifu amesukumwa akaacha njia inayoonekana akashika njia isioonekana na mtu. Sidhani ndivyo waliotunga hizi sheria walivyotaka.

Basi nikaanza kusoma. Nina mpwa wangu anasomea sheria Mombasa, tukawa tunakaa usiku kwenye simu ananielezea na mimi naandika kwa daftari la hesabu za kamba. Nataka nikwambie nilichokielewa, na kama nimekosea watu wa wizara yako wanirekebishe.

Katiba ya Umoja wa Mataifa kifungu cha 41 inalipa Baraza la Usalama uwezo wa kuweka vikwazo bila kutumia silaha, kukata biashara, pesa, meli, ndege, simu, hata ubalozi. Na kifungu cha 25 kinasema wanachama wote wakubali kutekeleza. Hio ni sheria na mimi siipingi, sisi watu wa Afrika tuliitaka wenyewe. Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, iliwekewa vikwazo vya lazima mwaka 1966, Makaburu wa Afrika Kusini wakakatazwa silaha mwaka 1977, na wazee wetu walifurahi. Na hapa Lamu usifikirie hatujui kwa nini kuna listi ya magaidi. Mwaka 2014 Mpeketoni waliuliwa watu zaidi ya 60 na si usiku mmoja. Barabara ya kutoka Garsen kuja Mokowe tumezika watu wake. Anaetuma pesa za kununua bomu la kutegwa chini ya lami akatwe hizo pesa, na mimi nitakua wa kwanza kusema ahsanteni.

Lakini kuna vikwazo vya pili, vya nchi moja kuweka peke yake na dunia nzima ikatii, na hapo ndo utaona nguvu ya pesa inavyotembea mbele ya sheria. Marekani ina ofisi ndani ya wizara yao ya fedha inayoitwa OFAC, ina listi yake ya waliowekewa vikwazo. Mtu atasema mimi niko Amu muuzaji yuko Dubai, Marekani imeingiaje? Imeingia kwa dola. Dola ikitoka benki ya Kenya kwenda benki ya Dubai kwa kawaida inapitia akaunti za benki kubwa zilizoko New York, na ikishapita pale, sheria ya Marekani imeikuta njiani. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa BNP Paribas ilikubali makosa ikapigwa faini karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha pesa za Sudan, Iran na Cuba. Bilioni 9! Tangu hapo kila benki duniani inalala jicho moja wazi.

Mwaka 2018 Marekani ilipojitoa kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran, Jumuiya ya Ulaya ilifufua sheria yao ya mwaka 1996 ya kuzikataza kampuni za Ulaya zisitii vikwazo vya Marekani. Sheria iko, imeandikwa, ina mihuri. Na bado Total ya Ufaransa ikafunga virago ikaacha mradi wake wa gesi wa South Pars, kwa sababu ilipima ikaona afadhali kuikosa Iran kuliko kuikosa dola. Ikiwa Ulaya na utajiri wake wote sheria yake haikuweza kuizuia kampuni yake kuogopa, mtu wa Kizingitini atakingwa na nani kama si serikali yake mwenyewe?

Nitakwambia mzani wenyewe ulivyo, manake huu ndo umenifanya niandike. Benki ikimpitisha mtu mbaya kwa makosa, inalipa mamilioni, mkubwa wao anafukuzwa kazi na jina la benki linaharibika. Benki ikimzuia mtu mzuri kwa makosa, hailipi hata senti. Kwa hivo yule mkubwa alienitizama usoni simlaumu sana yeye kama yeye, nafsi yake ina njaa kama yangu. Mzani umepindwa upande mmoja na yeye amekaa pale unapoelemea. Mzani huu hauwezi kunyooshwa na benki, hauwezi kunyooshwa na mimi, unanyooshwa na serikali, kwa sheria.

Na haya mambo si mapya kwetu watu wa pwani ya kaskazini. Novemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York, Marekani iliifunga Al-Barakaat, ndio ilikua hawala, yaani kampuni ya kutumiana pesa, kubwa kuliko zote za Wasomali na kampuni ya simu pia. Siku moja tu, pesa za watu zikakwama, familia zilizokua zinakula kwa dola 50 za mwezi zikaachwa hivo hivo. Miaka mitatu baadae wachunguzi wa ile tume ya Marekani yenyewe ya 9/11 waliandika kwamba ushahidi wa kuiunganisha Al-Barakaat na magaidi haukupatikana. Wasweden watatu wenye asili ya Somalia walikua wametiwa kwenye listi ya UN na akaunti zao kufungwa, na wawili kati yao wakaja kutolewa mwaka uliofuata. Kesi ya Al-Barakaat ya Sweden ikaenda pamoja na ya Msaudi mmoja Yassin Kadi mpaka mahakama kuu ya Ulaya, na tarehe 3 Septemba 2008 majaji wakasema neno ambalo mimi nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari: hata kama amri imetoka Baraza la Usalama, mtu hawezi kufungiwa mali yake bila kuambiwa kwa nini na bila kusikizwa.

Kwa ajili ya kelele zile, Disemba 2009 Baraza la Usalama likaunda ofisi ya msuluhishi wao, Ombudsperson, mtu aliewekwa kwenye listi ya Al-Qaida aweze kumuandikia na yeye achunguze. Kadi mwenyewe alitolewa mwaka 2012. Kwa hivo tusiambiwe haiwezekani, imewezekana kwa Al-Qaida.

Lakini Mheshimiwa, huyo msuluhishi ni wa listi moja tu, ya Al-Qaida na ISIS. Listi ya Somalia, siku hizi rasmi inaitwa ya Al-Shabaab, ambayo ndo iko jirani na sisi haina. Huko kuna ofisi ndogo New York ya kupokea maombi, iliundwa 2006, kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikua kupokea barua na kuipeleka kwa walewale waliokutia kwenye listi. Mwaka 2024 wameiongezea nguvu kidogo, inaweza kukusanya habari na kuzungumza na mlalamikaji, lakini bado si msuluhishi.

Najua Kenya mwaka 2019 iliomba Al-Shabaab wahamishwe waingizwe kwenye listi ya Al-Qaida na wanachama wengine wa Baraza wakakataa. Walikataa kwa sababu mashirika ya misaada yalilia, listi ya Somalia tangu 2010 ilikua imeacha nafasi ya chakula na dawa kupita, na listi ya Al-Qaida siku hizo haikua nayo. Yaani huku kuna mlango wa chakula lakini hakuna mlango wa malalamiko, kule kuna mlango wa malalamiko lakini hakuna mlango wa chakula, na mtu anaeumia hana hata mmoja kamili. Mlango wa chakula ukafunguliwa kwa listi zote za UN Disemba 2022 kwa azimio nambari 2664, na Kenya wakati huo ilikua na kiti kwenye Baraza na ikanyanyua mkono kukubali. Nilifurahi nilipolisoma hilo, nilimwamsha mke wangu nikamwambia. Sasa mlango wa pili mbona hatujaupigania vile vile?

Mimi nina shangazi Kismayu. Sisi Wabajuni mpaka ulichorwa juu yetu, nusu ya ukoo iko Kiunga na Faza, nusu iko Chula, Koyama na Kismayu mjini, tukioana hatukua tukiuliza pasi. Shangazi ana sukari, kila mwezi ndugu tunachanga dola 100 tunapeleka kwa duka la hawala, mwenye duka anaandika jina na nambari kwa karatasi, na kabla sijamaliza kahawa barazani shangazi ashapata kwenye simu yake. Hio ndio hawala ilivyo kwa watu wengi, ni dawa na karo na unga. Somalia yote yapokea zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka namna hii. Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza ilipotaka kuifungia akaunti Dahabshiil, hawala kubwa ya Wasomali, ilibidi mahakama ya London itoe amri ya kuzuia kwanza, watu waliandamana, na hakuna aliekua amethibitisha kwamba Dahabshiil ina kosa lolote, benki ilikua inaogopa tu.

Na sisi hapa nyumbani tulifanya nini? Aprili 2015, baada ya msiba wa chuo cha Garissa kushambuliwa na magaidi, Mola awarehemu wale watoto 142 na wengine wote, serikali ilifungia akaunti zaidi ya 80 na hawala 13 kwa pigo moja. Shangazi yangu mwezi ule hakupata dawa, alifika mahali mguu ukaanza kidonda. Kwenye listi hio kulikua na Haki Africa na Muhuri, mashirika ya kutetea haki za watu hapa pwani, ofisi zao tunazijua, watu wao tunawajua. Hawala zikafunguliwa baada ya miezi kadhaa, na yale mashirika ilibidi yaende Mahakama Kuu Mombasa mpaka Novemba ndo akaunti zikaachiliwa. Miezi saba kulipa mishahara kwa kukopa. Waliojua njia ya mahakama walitoka. Wasiojua je?

Sasa naja kwa jambo lililonikaa moyoni zaidi.

Februari 2024 FATF, lile shirika la dunia la mambo ya pesa chafu, liliitia Kenya kwenye listi yao ya kijivu, ya nchi zinazokaguliwa zaidi. Juni 2025 Jumuiya ya Ulaya ikaitaja Kenya pia kwenye listi yake ya nchi hatari. Kwa hivo nchi yetu nzima imetiwa kwenye listi, kama mimi. Benki za nje zinaikagua Kenya mara mbili, zinaichelewesha, zinaiuliza maswali, kama mimi. Na serikali yetu ililalamika, ikasema tunajitahidi, tusikizwe, tupewe muda.

Lakini tizama Kenya ilivyofanyiwa. Kenya iliambiwa kwa maandishi makosa yake ni yapi. Ikapewa orodha ya kazi za kufanya ili itoke. Mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, wanakaa wanaangalia nani amefika wapi na maofisa wetu wanakaribishwa kujieleza. Yaani Mheshimiwa, nchi ikitiwa kwenye listi inapewa sababu, inapewa njia, inapewa tarehe na inapewa kiti cha kukaa iseme. Mimi mwananchi wa nchi hiohio, ambae hata kwenye listi simo, nimefanana jina tu, sikupewa hata kimoja kati ya hivo vinne. Hicho serikali yangu inachokidai kwa wakubwa wa dunia ndicho ninachokidai kwa serikali yangu, hakizidi hapo.

Vilevile mnakumbuka mambo ya tahadhari za usafiri. Tangu wageni walipotekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, balozi za nje zikawa zinawaambia watu wao wasije Lamu, na ofisi ya huko ikishaandika hivo bima ya mtalii haifanyi kazi, na bima isipofanya kazi haji. Nahodha wa jahazi Shela akakaa miaka bila mgeni kwa karatasi aliyoandika mtu hajawahi kuiona Amu. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilisema hadharani kwamba tahadhari zile si kitendo cha kirafiki. Mlikua na haki kusema. Basi mjue na sisi tunavyohisi tukiandikwa na mtu asietujua.

Sasa ninachoomba.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 47, yasema mtu akiathirika na uamuzi wa serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na iko sheria ya 2015 inayofafanua hilo. Lakini mimi nikienda benki wanasema si sisi ni sistimu, nikienda ofisi ya serikali wanasema si sisi ni benki, nikiuliza zaidi naambiwa ni mambo ya nje. Mambo ya nje ni wewe Mheshimiwa, ndo maana barua imekuja kwako na si kwa mwengine. Nataka wizara yako ikae na Hazina na Benki Kuu mtoe kanuni, jina likigonga benki iwe na siku maalum, siku kumi zatosha, za kulinganisha tarehe ya kuzaliwa na mahali na nambari ya kitambulisho na jina la mama, manake zile listi mara nyingi zina tarehe na mahali pa kuzaliwa, si jina peke yake, nimeziona mwenyewe ziko wazi kwenye intaneti. Siku kumi zikipita bila kufanana, pesa ziende. Na mtu apewe karatasi. Karatasi moja yenye muhuri kwamba huyu amechunguzwa na siye yule, aende nayo benki yoyote asianze upya, kwa sababu mwezi ujao nitatuma tena na jina langu litagonga tena.

Na iwe na mtu. Si nambari ya simu ya kubonya moja bonya mbili, mtu mwenye kiti na meza, Lamu au hata Malindi tutaenda, tumezoea kusafiri.

Na huko nje, Kenya haina kiti kwenye Baraza sasa lakini ina sauti, Nairobi ndio makao ya UN ya Afrika, mabalozi wengi wako hapo. Semeni msuluhishi awe wa listi zote, ianze na ya Somalia. Nchi iliomwaga damu Somalia, iliopeleka vijana wake tangu Oktoba 2011, ikisema jambo hili haiwezi kuambiwa inatetea magaidi. Ikisema Sweden au Uswisi ni sauti nzuri, ikisema Kenya ni sauti ya jirani aliechomewa nyumba na bado anataka haki itendeke, na hilo lina uzito wake.

Kuna mtu ameniambia usiandike, ukiandika ndo watakutia kwenye listi kweli. Nimelifikiria hilo usiku mzima. Kuogopa kuuliza swali kuhusu jina la babangu mwenyewe, hio siwezi.

Mashine imetengenezwa iko juu ya kibao nyuma ya nyumba, nimeifunika na turubai yangoja kaskazi. Vijana wawili kati ya wanne wamerudi wameniambia watanivulia tena, wengine wawili wameenda kubeba mawe ya ujenzi Mokowe. Itabidi niagize rafadha ya akiba kabla ya Disemba, karibu dola 300, na nataka kuituma kwa benki, kwa jina langu, kama mtu yeyote.

Nikiitwa Nairobi nitakuja. Naomba tu nijulishwe siku tatu mapema, kwa sababu kutoka Kizingitini mpaka Amu ni boti ya kungoja maji yajae, halafu Mokowe gari la kwanza laondoka alfajiri. Nitakuja na daftari, na kitambulisho, na ile invoisi.

Wassalaam,
mnunuzi wa kamba, Langoni, Lamu